Swali la miguu na swali la kibofu: kisa cha mkwezi aliyevunjika mgongo

Anayechambuliwa hapa ni mkwezi wa minazi wa miaka 31 kutoka mwambao wa Tanga, mume wa mtu na baba wa watoto wawili. Alianguka kutoka juu ya mnazi, akavunjika pingili ya 10 ya kifua, akapooza kuanzia kitovuni kwenda chini. Jina, kijiji na hospitali nimeviacha, na mambo mawili matatu yaliyomhusu yeye peke yake nimeyachanganya na ya wagonjwa wengine wa namna yake ili asitambulike. Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii, si daktari, kwa hiyo kinachonishughulisha zaidi ni ile miezi mitano baada ya kuruhusiwa, hadi aliporudishwa wodini ana homa na kidonda cha makalio ambacho ngumi ingeingia. Katika miezi hiyo familia haikukaa bure. Iliuliza, ilisafiri, iliuza, ililipa. Ilitafuta msaada kwa bidii kuliko familia nyingi nilizokutana nazo, na kidonda kikachimbika hivyo hivyo.

Ajali yenyewe haina mengi. Mnazi ulikuwa umelowa, mguu ukateleza. Waliomfikia kwanza walimwinua kwa makwapa na miguu, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mdogo wake, mshikaki, mpaka zahanati. Kama mfupa ulikuwa haujamaliza kuukandamiza uti, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili za mgongo, huenda safari ile ndiyo iliyomaliza. Hakuna awezaye kuthibitisha, na sioni faida ya kumtwisha mdogo mtu mzigo huo. Ila ni ajabu kwamba katika kijiji ambacho wanaume hupanda minazi kila wiki, hakuna aliyewahi kusikia kuwa aliyeanguka akasema hasikii miguu haketishwi: hulazwa akiwa amenyooka juu ya mlango au ubao, na akigeuzwa, kichwa, shingo na kiwiliwili hugeuka kwa pamoja. Rekodi za KCMC, hospitali ya rufaa kule Moshi, zimeonyesha kuwa kuanguka ndiko kunakoongoza kuvunja migongo Kaskazini Mashariki mwa Tanzania, mbele ya ajali za barabarani. Kampeni zetu, hata hivyo, zinaongelea kofia ngumu na mwendo kasi tu.

Kutoka zahanati alipelekwa hospitali ya mkoa, kisha Dar es Salaam, akafungwa vyuma mgongoni. Aliporuhusiwa, familia ilipewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na alama mbili zilizobeba karibu kila kitu walichohitaji kujua: T10 na herufi A. Ya kwanza ni mahali uti ulipoumia, yaani ile pingili ya 10 ya kifua. Ya pili inatokana na kipimo ambacho daktari hukifanya kwa pini, kwa pamba na kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na A maana yake ni kwamba hata huko mwishoni kabisa hakuna hisia wala nguvu. Wiki za kwanza uti huwa katika mshtuko na picha inaweza kubadilika. Mshtuko ukishapita na A ikabaki A, uwezekano wa kutembea tena ni mdogo sana. Lakini T10 inasema pia jambo lingine, tena la kheri: mikono mizima, kifua kizima, pumzi nzima. Mtu wa T10 aliyefundishwa anaweza kujivalisha, kujihamisha kitandani, kujitoa mkojo, kuoga na kufanya kazi bila kushikwa mkono. Karatasi hiyo ilikaa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na hakuna aliyewasomea.

Walichoambiwa kwa mdomo ni maneno tuliyoyazoea sote. Mishipa imeumia, itachukua muda. Mazoezi na subira. Mungu ni mwema. Hakuna hata moja lililo uongo, na yote kwa pamoja yakamjengea mtu imani kwamba kungoja ndiyo tiba yenyewe. Simlaumu sana daktari aliyesema "tutaona", kwa sababu siku ile alikuwa mkweli. Hakuna aliyekuwa anajua. Kasoro ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kurudi wiki ya sita kuimalizia ile sentensi, kwa utulivu, pembeni, mke akiwapo.

Basi familia ikatoka na swali moja: atatembea lini? Wakamuuliza daktari wa mkoa, mganga wa zahanati, imamu, jirani aliyewahi kupata kiharusi, mwenye duka la dawa. Ubaya wa swali hili ni kuwa kila unayemuuliza ana jibu, na baadhi yao wana bei. Swali ambalo halikuulizwa ni lile la aibu: mkojo utatokaje? Na mengine ya jamii hiyo: nani atamgeuza saa nane za usiku, choo kitatoka saa ngapi na kwa njia gani, nani atamkagua ngozi ya makalio. Miguu isiyotembea haimuui mtu. Kibofu kinachojaa na kurudisha mkojo kwenye figo humuua, na kidonda cha kulalia humuua.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Daktari Ludwig Guttmann alipofunguliwa wodi yake ya walioumia uti katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Februari 1944, askari waliovunjika uti walikuwa wakihesabiwa watu wa kufa, na wengi wa vita iliyotangulia walikuwa wamekufa kweli kwa vidonda na usaha wa njia ya mkojo. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti, nayo haipo mpaka leo. Alichokifanya ni kulazimisha wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kukisimamia kibofu, na kuwapa kazi na michezo; Julai 1948 akaandaa mashindano ya mishale ya washiriki 16, ambayo ndiyo chimbuko la Paralimpiki. Shirika la Afya Duniani linasema aliyeumia uti ana hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 5 ya mtu mwingine, na kwamba hali ni mbaya zaidi kwenye nchi maskini. Ngozi na kibofu cha Mtanzania ni sawa na cha Muingereza. Kinachotofautiana ni nani kamfundisha nani nini kabla hajatoka wodini.

Turudi nyumbani kwake.

Mama mzazi alileta mkandaji. Kukanda ni mapenzi, na sina ugomvi nako, ila maji yalikuwa ya moto na miguu haikuwa na wa kulalamika. Walipofunua kitambaa ngozi ya nyayo zote mbili ilikuwa imevimba malengelenge. Hospitalini hakuna aliyekuwa amesema kwamba maji hupimwa kwanza kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia, wala kwamba jiko la mkaa, bati la jua na chupa ya chai mapajani ni hatari mpya. Baada ya mkandaji akaja mganga, aliyechukua mbuzi wawili na kusema kuna mkono wa mtu. Hapo sina la kuongeza.

Kaka mtu, anayefanya kazi Dar, alitafuta kwa simu. Huyu ndiye aliyenifundisha zaidi kuhusu taarifa, kwa sababu alipata nyingi na karibu zote zilikuwa za kweli, ila hazikuwa zake. Alisoma kurasa za Marekani zinazoeleza jinsi ya kudai bima na kupanua milango ili kiti kipite. Alisoma kwamba aliyeumia uti anaweza kupandisha presha ghafla, akaumwa kichwa na kutoka jasho, na asipoketishwa na kuondolewa kinachomsumbua anaweza kufa. Akampigia shemeji yake usiku kumwambia ampime presha kila siku, mke akakosa usingizi wiki nzima. Kweli hatari hiyo ipo, na wenye kuihitaji taarifa hiyo waijue kama jina lao: ni walioumia pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi. Wa pingili ya 10 kwa kawaida haimhusu. Laiti angeijua ile T10 angesoma nusu ya kurasa na kuogopa robo yake. Simu hiyo hiyo, ikishajua unatafuta nini, ikaanza kumletea matangazo ya seli shina (chembe changa zinazodaiwa kuotesha upya kilichoharibika), kliniki za nje, mzee anainuka kutoka kwenye kiti huku muziki unapigwa. Bei yake ilikuwa zaidi ya shamba lote la ukoo. Walikuwa wameshaanza kumtafuta mnunuzi. Seli shina zinafanyiwa utafiti halali sehemu mbalimbali, ila bado si tiba iliyothibitika kumrudishia mtu wa herufi A miguu yake. Utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa bei ya shamba.

Wakati wanaume wanatafuta, mke ndiye alikuwa anafanya. Wodini nesi alimwonyesha kumwaga mfuko wa mkojo, basi. Mpira wa mkojo ule ule uliowekwa kibofuni hospitalini ulikaa mpaka ulipoziba, ukabadilishwa zahanati, ukaziba tena. Kila mkojo ulipoonekana mchafu walisema ni U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, na kununua vidonge duka la dawa, leo aina hii, kesho ile. Hakuna aliyemwambia kuwa mwenye mpira karibu siku zote ana vijidudu kwenye mkojo, na kwamba mkojo wenye ukungu pasipo homa, baridi, maumivu au dalili nyingine mpya kwa kawaida hautibiwi, kwani dawa za ovyo huwalea vijidudu sugu. Alikuja kupata homa ya kweli, na vidonge vya dukani havikufua dafu.

Kidonda nacho kilianza kama alama. Alikuwa akiketishwa uani kwenye kiti cha plastiki asubuhi hadi adhuhuri ili asikae ndani kama mfu, wazo jema kabisa, na usiku analala chali kwenye godoro la sponji lililobonyea katikati. Mke alikuwa na kipeperushi, kwa kweli, kimoja kizuri chenye picha. Kiliandika: angalia wekundu. Naye aliangalia, hakuona wekundu, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi kama ya mumewe hauonekani hivyo. Inabidi utafute doa lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, uliguse kwa mgongo wa mkono kama lina joto, ulibonye kama ni gumu au limelegea kuliko jirani yake. Ukiliona, usimkalishe wala kumlaza juu yake hata saa moja mpaka litoweke. Sentensi hizo mbili zingeokoa mengi, na sijui ni nani hasa anayewaandikia watu wa Tanga habari ya wekundu.

Aliporudishwa wodini nilimwita fundi cherehani mmoja wa mjini ambaye ana kiti mwendo kwa miaka mingi tangu ajali ya basi. Si mwajiriwa wa hospitali wala hana cheti cha ushauri. Alisukuma kiti mpaka pembeni ya kitanda cha jirani kilichokuwa wazi, akafunga breki, akajiinua kwa mikono, akakaa kitandani, kisha akarudi kwenye kiti. Hakusema kitu mpaka alipomaliza. Mama mtu alishika mdomo.

"Mdogo wangu, miguu tuiache kwanza," akasema. "Nani anakutoa mkojo?"

"Shemeji yako."

"Shemeji, pole sana na kazi. Kuanzia wiki ijayo si wewe tena, ni yeye mwenyewe. Ana mikono."

Kwa mizani yangu, nusu saa ile ilikuwa na taarifa nyingi zilizofaa kuliko miezi yote iliyotangulia. Alimweleza kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa na kutolewa, kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, kibofu kisivuke mililita 500. Njia hii ya usafi wa kawaida ilitetewa na daktari wa Marekani Jack Lapides mwaka 1972, na tangu hapo imewaokoa watu wengi figo. Akamweleza choo: saa ile ile kila siku, baada ya chakula au chai ya moto, kwa sababu tumbo likipokea utumbo mpana huamka, kisha kidole chenye glavu na mafuta, taratibu, kukiamsha kinyeo. Akamwonyesha kujiinua kwenye kiti kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kioo kidogo cha kujikagulia makalio asubuhi na jioni. Halafu akawaomba kina mama watupishe, akafunga pazia. Wanaume wawili wakazungumza mambo ya chumbani. Sikusikiliza, ila najua linaloweza kusemwa kwa uhakika: kwa walioumia sehemu kama hii uume mara nyingi husimama kwa kuguswa, kumwaga mbegu ndiko kunakosumbua, na wako waliopata watoto baadaye, wengine kwa msaada wa kitabibu. Mwanamke aliyeumia uti akirudiwa na siku zake anaweza kushika mimba kama kawaida. Kijana alikuwa na swali hilo tangu siku ya kwanza, na wodi nzima haikuwa na wa kumuuliza.

Fundi alikosea jambo moja, tena kubwa. Alimshauri apunguze maji ili asilowe safarini. Ushauri huo huzunguka sana kati ya wenye viti, na ndio unaoleta mawe na mkojo mzito. Nesi alimrekebisha palepale, akakubali. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani kumletea mgonjwa mwenzake kunatosha. Mwenzake naye anahitaji kufundishwa. Moshi wana uzoefu huo kupitia KASI, chama cha walioumia uti wa mgongo Kilimanjaro, na shirika la Motivation limekuwa likiwaandaa wenye viti kuwa walimu wa wenzao. Hospitali nyingi hazina mpango kama huo. Zina namba ya simu ya mtu anayejulikana na nesi mmoja, na nesi huyo akihamishwa namba inakwenda naye.

Majirani zetu Kenya wana hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti jijini Nairobi, na hata hivyo mwaka 2012 Kenya Paraplegic Organization, shirika la waliopooza, ilianzisha mchango wa shilingi milioni 250 za Kenya wa kujenga kituo cha urekebishaji, mwenzao mmoja akishika njia ya Afrika Kusini kwa kiti mwendo ili watu waone umbali wa kuifuata huduma hiyo. Kufunga vyuma na kufundishwa kuishi ni kazi mbili.

Fedha ndiyo sehemu yangu, na ndiyo inayosikitisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumgusi, kwani mkwezi hana mwajiri. Analipwa kwa mnazi. Angegongwa na gari lenye bima angekuwa na wa kumdai. Mnazi haukati bima. Kilichobaki ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, utambulisho kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na mikopo isiyo na riba inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri, ambako asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Familia haikuwa imesikia lolote kati ya hayo kwa sababu haikujiona ina mtu mwenye ulemavu. Ilikuwa na mgonjwa anayesubiri kupona. Huwezi kuomba haki ya hali usiyoikubali. Hapa ndipo lile "tutaona" lilipogharimu zaidi ya ngozi.

Kiti kilipatikana kwa msamaria, cha kukunja, cha aina ya kumtoa mtu wodini kwenda eksirei. Hakina mto, na magurudumu ya mbele madogo yanazama kwenye mchanga wa kwao hatua tatu kutoka mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unasema wazi: kiti hupimwa, hurekebishwa kwa mwili wa mtumiaji, na mtumiaji hufundishwa. TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale pale KCMC, imefundisha mafundi wa kazi hiyo, na viti vya magurudumu matatu vyenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali hupita kwenye njia mbaya vizuri zaidi. Kukipata kimoja Tanga ni habari nyingine. Kwa sasa ana kile cha kukunja na mto wa sponji ngumu uliokatwa na fundi, wenye uwazi mahali kidonda kilipokuwa.

Kidonda kilifunga baada ya miezi mingi ya kulala kifudifudi. Sasa anatengeneza nyavu za wavuvi uani kwake, hela ndogo lakini yake, na mke amerudi kwenye biashara ya maandazi. Mpira wa kujitolea mkojo anautumia zaidi ya mara moja kwa sababu ya bei, anaosha kwa sabuni na kukausha, jambo ambalo si bora ila ndilo linalowezekana. Mama yake bado anauliza atatembea lini, na mwanawe amejifunza kujibu "Inshallah, mama" bila kugombana.

Figo zake zinatakiwa kuangaliwa kwa ultrasaundi kila mwaka. Kipimo cha mwaka huu hakijafanyika: hospitali ya mkoa inadhani atakumbushwa na Dar, Dar inadhani anafuatiliwa mkoani, na kadi yake haina mstari wa kuandika tarehe hiyo. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, nikampa mke namba ya nesi, na namba ya fundi.